Tumbo la kuendesha ukiwa safari ya nje: namna ya kulikwepa, na namna ya kupona likikukamata (mwongozo kamili)

Kila watu wakianza kwenda kufuata mizigo Guangzhou au Istanbul, au kusindikiza mgonjwa India, ujumbe unaokuja ni uleule: "Kaka naendesha toka jana usiku, nimemeza Flagyl wapi, nifanyeje?" Ukimuuliza amekunywa nini toka jana anakwambia soda, tena moja, maana anaogopa akinywa ndo ataendesha zaidi. Hapo ndo wengi wanapokwama. Sio kwamba hawaijui ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, wanaijua toka utotoni, ila wanaiona ni ya watoto, wanaichelewesha, au wanaikoroga hovyo mpaka inageuka tatizo jingine.

Nimeandika kwa mtu mzima anayetoka Dar kwenda nje siku chache, ana shughuli za kufanya na hana wa kumpikia uji. Kama una mtoto chini ya miaka 5, una mimba, au una kisukari au figo zinasumbua, soma yote ila likianza usikae hotelini ukihesabu siku, nenda hospitali mapema.

## Vitu vya kubeba

Nunua hapa hapa Dar kabla hujaondoka. Kutafuta famasi saa nane usiku kwenye mji ambao hata vibao huwezi kuvisoma, huku tumbo linakata, sio kitu cha kumwombea mtu.

- Pakti za ORS, angalau 6, zile za kuchanganya kwenye lita moja. Mbili ziwe kwenye begi la mkononi, sio zote kwenye begi linaloenda chini ya ndege, maana begi nalo hupotea.
- Loperamide, dawa ya kutuliza kuharisha, wengi wanaijua kama Imodium. Vidonge vichache tu. Masharti yake yako hatua ya 6, usiruke.
- Themomita. Watu wanaipuuza, ila bila hii hutajua kama una homa au ni joto la chumba, na uamuzi karibu wote huko chini unategemea homa.
- Kipande cha sabuni na sanitaiza chupa isiyozidi mililita 100, vinginevyo watakunyang'anya uwanja wa ndege.
- Vidonge vya kutibu maji, kama WaterGuard au Aquatabs. Soma kidonge kimoja kinatibu lita ngapi, vinatofautiana sana. Kuna cha lita 20 na kuna cha lita moja.
- Dawa zako za kila siku kwenye boksi lake pamoja na cheti cha daktari.
- Bima ya safari, na namba yake ya dharura iandike kwenye karatasi pia, simu huisha chaji.

ONYO kwa wa Dubai: usibebe tramadol wala dawa yoyote yenye codeine bila kibali cha huko. Hapa mtu anaweza kuiona ni dawa ya maumivu tu, kule ni dawa zinazodhibitiwa na zimewaweka watu ndani. Pekua begi lako, usije ukawa na kidonge cha mgongo ulichosahau toka mwaka jana.

## Hatua ya 1: Wiki chache kabla ya safari

Nenda kwa daktari umwambie unakwenda wapi. Omba ushauri wa chanjo ya homa ya matumbo na ya homa ya ini aina ya A. Ya homa ya matumbo ile ya sindano ipigwe angalau wiki 2 kabla ya kuondoka, na kinga yake unairudia kila baada ya miaka 2 hivi. Haikingi kila kitu, kwa hiyo isikufanye ule ovyo.

Hapo hapo muulize kama kuna haja ya kukuandikia antibayotiki ya akiba. Akikuandikia, akuelekeze lini uitumie, na aandike kwenye karatasi.

Kitu cha mwisho ni simu. Google haifunguki China bila VPN, kwa hiyo programu ya kutafsiri na lugha yenyewe vipakue ukiwa bado Dar. Wa China nakili na hizi uweke kwenye noti za simu, utamwonyesha mtu wa famasi au hospitali:

- Ninaharisha: 我拉肚子
- Nahitaji ORS: 口服补液盐
- Nimetoka eneo lenye malaria, naomba nipimwe malaria: 我来自疟疾流行地区，请帮我查疟疾

Hiyo ya tatu utaona umuhimu wake hatua ya 9.

## Hatua ya 2: Maji

Kunywa ya chupa ambayo kizibo chake umekifungua mwenyewe na kimelia "tak". Kizibo kikizunguka kilaini bila kukatika ule mkanda wa chini, rudisha. Kama hamna chupa, chemsha: maji yakishaanza kutokota vizuri acha dakika 1, na kama uko sehemu ya mlima mrefu zaidi ya mita 2,000 acha dakika 3. China utakuta jagi la umeme karibu kila hoteli na mabomba ya maji ya moto stesheni na viwanja vya ndege, yatumie, ni bure.

Barafu ndo inayowakamata watu. Mtu anakataa maji ya bomba kwa ukali kabisa halafu anaagiza juisi ya miwa yenye barafu, sasa hiyo barafu ilitoka wapi kama sio bombani? Kugandisha hakuui vijidudu. Pia kupiga mswaki: tumia maji ya chupa, na ukioga funga mdomo.

Chai na kahawa zilizoletwa zikifuka mvuke hazina shida.

## Hatua ya 3: Chakula

Kanuni moja inatosha kwa asilimia kubwa: kile kilichotoka jikoni sasa hivi na bado kinachoma ulimi. Vijidudu vinazaliana haraka kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60, yaani joto la chakula kilichokaa kaa. Kwa hiyo bafe ya hoteli ya nyota tano iliyopoa toka saa moja asubuhi na wewe umeshuka saa nne ni hatari kuliko mama wa barabarani anayekaanga mbele ya macho yako. Watu hawaamini hili, wanafuata meza nzuri na vitambaa.

Matunda kula yale unayomenya mwenyewe: ndizi, chungwa, embe. Yaliyokatwa tayari na kupangwa kwenye sahani yapite. Saladi na kachumbari najua ni ngumu kuacha, ila zimeoshwa na maji yale yale uliyoyakataa.

Sasa kila mji una mtego wake:

China, mkila ile sufuria inayochemka katikati ya meza mnadumbukiza nyama wenyewe, usitumie vijiti vilivyoshika nyama mbichi kuingiza chakula mdomoni. Omba jozi ya pili, moja ya mbichi na moja ya kulia. Na nyama ya kuku isikufurahishe ikielea tu, ikate uone ndani.

India, zile puri ndogo zinazojazwa maji ya pilipili na ukwaju barabarani ni tamu sana, ila hayo maji ni mabichi na mkono wa muuzaji unaingia humo kila mara. Chatini mbichi nayo hivyo hivyo. Chapati inayotoka kwenye chuma, dengu inayochemka, chai ya maziwa iliyotokota, hizo kula kwa amani.

Istanbul, kome waliojazwa wali wanaouzwa kwenye sinia jioni, wanakamuliwa limao unakula umesimama. Hao wamekaa nje masaa mangapi hujui. Kama unawataka, nenda mgahawani wanakowauza kwa wingi, na bado usiku wa kuamkia safari usiguse.

Halafu tusiite kila kitu sumu. Pilipili ya watu wa Sichuan au mafuta mengi ya siku ya kwanza yanaweza kukulegeza tumbo mara mbili tatu likatulia lenyewe. Hapo hamna homa, hamna kutapika, na kesho yake uko sawa.

## Hatua ya 4: Mikono

Sabuni na maji, sekunde 20, kabla ya kula na ukitoka chooni. Sanitaiza inasaidia ukiwa sokoni umeshika hela na simu siku nzima, ila kuna virusi vya kutapika na kuharisha vinaitwa norovirus ambavyo sanitaiza ya spiriti haiviwezi vizuri, kwa hiyo sabuni haina mbadala. Simu nayo ifute, we unaosha mikono halafu unashika simu ile ile uliyoingia nayo chooni.

## Hatua ya 5: Limeanza. Fanya hivi saa ya kwanza

Hii ndo sehemu ya kusoma mara mbili.

Ukiendesha mara ya pili au ya tatu maji matupu, usisubiri kiu, usisubiri asubuhi. Tengeneza ORS.

Kwanza soma pakti inataka maji kiasi gani. Za kwetu nyingi ni za lita moja. Ukiishiwa ukanunua China, pakti nyingi za huko ni ndogo, za mililita 250. India zipo za lita moja na zipo za mililita 200. Ukitia pakti ya lita moja kwenye glasi moja unapata maji ya chumvi kali, na chumvi kali inavuta maji kutoka mwilini kuyaingiza utumboni, unaendesha zaidi halafu unasema ORS imekukataa. Ukitia ya mililita 250 kwenye lita nzima unakunywa maji tu.

Kupima lita bila kipimo. Chukua chupa ya lita moja na nusu na chupa tupu ya nusu lita. Mimina toka kubwa mpaka ndogo ijae. Iliyobaki kwenye kubwa ni lita moja. Sasa kata pakti kona moja, mimina unga wote, funga kizibo, tikisa, kisha igeuze chupa juu chini uangalie kitako: ukiona bado kuna chembe nyeupe zinacheza, tikisa tena. Usigawe pakti nusu kwa macho, unga haujachanganyika sawa, unaweza kupata sukari yote upande mmoja na chumvi upande wa pili.

Usiongeze sukari wala juisi, na usikorogee kwenye soda. Usiichemshe ikishachanganywa. Ikipita masaa 24 mwaga, tengeneza nyingine.

Kiasi: mtu mzima glasi moja mpaka mbili, mililita 200 hadi 400, kila baada ya kuendesha. Katikati kunywa maji ya kawaida kadiri unavyotaka.

Ukitapika: subiri dakika 10, halafu anza upya kwa kijiko, kijiko kimoja kila dakika mbili tatu. Inachosha, najua, ila glasi nzima kwa mkupuo itarudi yote na kijiko kinabaki.

Kwa nini ORS na sio maji tu? Utumbo hata ukiwa mgonjwa bado unaweza kupokea sukari na chumvi zikiingia pamoja kwa uwiano wake, na zikiingia zinavuta maji kuingia mwilini. ORS ina gramu 13.5 za glukosi kwa lita. Soda ya kola ina sukari kama gramu 100 kwa lita na chumvi karibu hamna. Kwa hiyo ile soda ya "kurudisha nguvu" inakuongezea safari za chooni. Dafu ni zuri na lina potasiamu, ila chumvi yake ni ndogo, litumie kama nyongeza.

Hamna ORS kabisa? Lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu, sio vya kurundika. Onja kabla hujanywa: ikiwa chumvi imezidi machozi, mwaga uanze tena.

Utajuaje inafanya kazi? Usiangalie choo, choo kitaendelea kwa muda, ORS haizuii kuharisha na haijatengenezwa kwa hiyo. Angalia mkojo. Ukienda haja ndogo kila masaa matatu manne na rangi imepauka, ukisimama huoni kizunguzungu, mdomo haujakauka, unashinda. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi maana yake ongeza kasi.

Wenye presha na sukari: mpigie daktari wako wa Dar hata kwa WhatsApp. Dawa za kukojoza, baadhi ya dawa za presha, na metformin ya sukari zinaweza kuleta shida ya figo mwili ukiwa umekauka, na yeye ndo aseme zisimame kwa muda au ziendelee. Usijiamulie. Na dada, kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, ukitapika ndani ya masaa 3 baada ya kumeza, au ukiharisha vibaya zaidi ya siku nzima, vihesabu kama hukumeza.

## Hatua ya 6: Loperamide, kwa kazi maalumu

Hii inapunguza mwendo wa utumbo, haiui kijidudu. Kazi yake ni ile siku una ndege ya masaa tisa au basi lisilo na choo. Mtu mzima anaanza na vidonge 2 vya miligramu 2, kisha 1 kila baada ya kuharisha. Kama hujaandikiwa na daktari usizidi miligramu 8, yaani vidonge 4, kwa siku, na usivuke siku 2.

USIMEZE kama una damu kwenye choo, homa, au tumbo limevimba na linauma vibaya. Hapo mwili unajaribu kutoa uchafu, we unaufungia ndani. Watoto wadogo msiwape kabisa.

## Hatua ya 7: Antibayotiki, na kesi ya Flagyl

Nitasema wazi maana huku kwetu Flagyl imekuwa kama pipi. Metronidazole, ndo hiyo Flagyl, inatibu amiba na giardia, vimelea vya tumboni. Kuharisha kwa safari mara nyingi kunaletwa na bakteria wa jamii ya E. koli, na Flagyl haiwagusi. Unaimeza, unapata ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu juu, na ukipiga bia ndo kabisa. Halafu siku ya nne unapona, kwa sababu kuharisha kwingi kwa namna hii kunaisha kwenyewe kwa siku 3 mpaka 5, na sifa zote anapewa Flagyl.

Antibayotiki ina nafasi yake: hali ikiwa kali mpaka huwezi kutoka kitandani, kuna homa au kuna damu. Kwa Asia madaktari wengi siku hizi wanachagua azithromycin, kwa sababu bakteria wengi wa huko wameshaizoea ciprofloxacin. Ile uliyoandikiwa hatua ya 1 itumie kama ulivyoelekezwa, na ukiwa na damu au homa bado uende ukaonwe.

## Hatua ya 8: Kula

Kula mara njaa ikirudi. Kufunga hakuponyeshi. Wali mweupe, ndizi, viazi vya kuchemsha, mkate, supu yenye chumvi kidogo, uji wa mchele ambao China unapatikana kila asubuhi na ni mwepesi sana. Maziwa acha siku kadhaa, utumbo ukiumwa unashindwa kumeng'enya sukari ya maziwa kwa muda. Pombe, kahawa nyingi na vya mafuta subiri.

## Hatua ya 9: Lini uende hospitali, na useme nini

Nenda siku hiyo hiyo ukiona hata kimoja:

- damu kwenye choo
- homa ya 38.5 au zaidi
- kila unachokunywa kinarudi
- masaa 8 hujakojoa, au ukisimama unataka kuanguka
- choo kinatoka kama maji ya kuoshea mchele, kingi, bila kukoma (hii ni haraka sana, inaweza kuwa kipindupindu)
- siku 3 zimepita hamna nafuu

Gari la wagonjwa ni 120 China, 998 Falme za Kiarabu, 112 Uturuki na India. China beba pasipoti na hela au uwe na malipo kwenye simu, unajiandikisha na kulipa kabla ya kuonwa, na hospitali nyingi kubwa zina kliniki maalumu ya wanaoharisha, uliza mapokezi. Chukua risiti zote, bima bila risiti haikujui.

Sasa lile la malaria. Sisi tunatoka nayo huku, inakaa mwilini kimya wiki moja, mbili, hata zaidi, halafu inaibuka ukiwa hoteli ya Guangzhou. Na malaria inaweza kuja na kutapika na kuharisha kabisa. China ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina malaria mwaka 2021, Falme za Kiarabu toka 2007, kwa hiyo daktari wa huko akiona mtu anaharisha na ana homa anawaza chakula. Malaria haimjii kichwani mpaka umtajie. Mwambie mwenyewe, mwonyeshe ile sentensi ya tatu kwenye simu, na usitoke bila kipimo cha damu. Mtu akipewa dawa za tumbo tu wakati ana malaria, siku mbili zinatosha kumharibia kabisa.

## Hatua ya 10: Ukisharudi Dar

Homa yoyote ndani ya wiki za mwanzo, pima malaria kwanza, hata kama unaamini ni kile chakula cha uwanja wa ndege.

Kuhusu "taifodi": ile Widal, kipimo cha damu cha haraka kinachofanyika kila kona, inadanganya mara nyingi, inaweza kusema unayo wakati huna, hasa kama uliwahi kuugua au kuchanjwa. Kama daktari anashuku kweli homa ya matumbo, uliza kuhusu kuotesha damu maabara (kuona kijidudu gani kinaota), kabla hujaanza antibayotiki.

Tumbo likiendelea zaidi ya wiki 2, gesi inanuka yai bovu, choo kina mafuta na kinaelea, unapungua, hapo giardia anaingia kwenye orodha na Flagyl anaweza kuwa na kazi ya kweli. Ila peleka choo kikapimwe kabla ya kumeza chochote. Chukua kikopo cha maabara, kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni, kifikishe ndani ya saa moja au mbili, na ukiambiwa hamna kitu kwenye sampuli ya kwanza omba urudie siku nyingine mpaka zifike tatu, maana giardia hatoki kila siku.